Mwalimu Severina na Faili la Briji

Watu wa Iringa waliomfahamu Mwalimu Severina Kalinga miaka ile ya sabini watakwambia kwamba alikuwa mpole. Usiwasikilize, hao hawakuwahi kucheza naye karata. Darasani alikuwa mpole, kanisani alikuwa mpole, na sokoni alikubali bei ya kwanza ya viazi kwa kuona haya kubishana na mama wa watu. Lakini mpe karata mkononi umketishe mezani, ndipo utakapojua kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mchezo wake ulikuwa briji. Jina lisikutishe. Ni mchezo wa watu wanne, wawili kwa wawili, na wenza hukaa wakitazamana. Kwanza hunadiana, kila upande ukijigamba utakula mara ngapi, na wale waliojigamba zaidi ndio wanaopaswa kutimiza maneno yao. Hapo mmoja wao hucheza, na mwenzake hulaza karata zake zote mezani, wazi, zionwe na kila mtu. Akishalaza, kazi yake imekwisha.

Alifundishwa na baba yake. Mzee Kalinga alikuwa mhudumu katika klabu moja ya Wazungu wakulima wa tumbaku, enzi za mkoloni, na alirudi nyumbani, huko njia ya Tosamaganga, na mchezo mzima kichwani. Aliwafundisha watoto wake kwenye mkeka, kwa karata zilizokwisha ncha, na katika sheria alizowafundisha ilikuwamo moja ambayo hakutaka mchezo nayo: aliyelaza karata huinuka akaandae chai. Mtoto aliyelaza karata akabaki kukaa aliambiwa kwamba mchezo umeharibika, zigawiwe upya. Severina akakua akijua kwamba ndivyo briji ilivyo, kama anavyojua kwamba turufu hukata.

Baba alipofariki hakuacha picha hata moja, wala ng'ombe, wala shamba la kugombaniwa. Aliacha sheria za karata, na binti ambaye angekubali umbishie lolote isipokuwa hizo.

Sasa, mjini Iringa walikuwapo wachezaji wa briji wachache, walimu na makarani, na Mbeya walikuwapo wengine, na kila walipokutana walikaribia kushikana mashati. Huyu anahesabu hivi, yule vile, na kila mmoja anaapa kwamba ndivyo alivyofundishwa. Kitabu cha Kiswahili hakikuwapo. Ndipo Severina alipochukua faili kuukuu la shule, akaweka ndani karatasi tupu, akaandika juu ya jalada: BRIJI, MAMBO YAKE YOTE. Kila jambo likapewa ukurasa wake, kuanzia A. Wa Iringa wakijaza wanachokijua, faili linapanda basi la Saulo kwenda Mbeya, na wa Mbeya wanaongeza na kusahihisha, linarudi. Hakuna aliyelipwa senti. Saulo mwenyewe, dereva, hakujua jeki wala ree, lakini alilibeba faili lile chini ya kiti chake kwa heshima ambayo mizigo ya abiria haikuipata.

Waliwekeana masharti mawili tu. Yeyote aweza kukata maneno ya yeyote, ila kwa kalamu nyekundu, aandike jina lake na sababu. Na hakuna kuchana karatasi.

Mkataji mkubwa alikuwa Masunga wa Mbeya. Alikuwa karani wa reli, Msukuma, mtoto wa wafugaji waliohamia Usangu na ng'ombe wao. Severina hakuwahi kumwona, lakini aliujua mwandiko wake kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Kusema kweli, alimpenda. Masunga alikuwa mtu wa haki, akikosea alijikata mwenyewe kwa wino uleule mwekundu, akaandika chini, "Nilikosea. Masunga." Watu wa namna hiyo si wengi, hata makanisani.

Halafu Masunga akapata kitabu. Mhandisi mmoja wa kigeni alikuwa anarudi kwao, akauza vyombo vyake, na katikati ya sufuria na mablanketi kikatokea kitabu cha sheria za briji, cha Kiingereza, kinene kiasi cha kupigia msumari. Masunga alikaa nacho mwezi mzima. Faili liliporudi Iringa lilikuwa limechanjwa chale nyekundu kila mahali, na Severina alizikubali zote, moja baada ya nyingine, mpaka alipoufikia ukurasa wa aliyelaza karata. Sentensi ya baba yake ilikuwa imekatwa. Pembeni pameandikwa: "Si kweli. Kitabu kinasema akae kimya. Hakuna chai."

Severina akairudisha sentensi, akaandika, "Ni kweli. Baba yangu, Mzee Kalinga, alisema." Faili likaenda. Likarudi, sentensi imekatwa tena. Akairudisha tena. Ikakatwa. Saulo akaanza kuuliza kulikoni, maana zamani faili lilikaa wiki mbili kila mji, na sasa linageuza na basi lilelile kama limesahau kitu. Mwishowe Masunga akaandika, kwa ustaarabu wake wote, kwamba baba wa mtu si ushahidi, na kwamba kila mmoja wao ana baba.

Hayo maneno yalimchoma. Kwa majuma kadhaa Mwalimu Severina alikuwa mkali hata darasani, watoto wakashangaa. Ukurasa ule ndio mahali pekee duniani ambapo jina la baba yake lilikuwa limeandikwa kuhusu jambo alilolijua. Ukifutwa, ndiyo kusema Mzee Kalinga alisimama nyuma ya viti vya watu miaka yote ile akaondoka na uongo.

Wachezaji wa miji yote miwili wakaona mambo yatawavunja. Wakakubaliana wakutane Mbeya sikukuu ya Pasaka, wacheze, na jambo lile liamuliwe mezani. Severina akipata mtu wa kushuhudia, sentensi ibaki. Asipopata, iondoke moja kwa moja, na asiirudishe tena. Akakubali, japo shahidi hakuwa naye.

Alisafiri na Saulo, faili mapajani, ameketi wima kama mtu anayepeleka kesi. Huko Ilomba, mtaa wa Mbeya, nyumbani kwa Masunga, alipokewa vizuri kuliko alivyotaka. Kumbe Masunga alikuwa mrefu, mwenye aibu, akimwita "Mwalimu" kila baada ya maneno matatu. Mkewe, Damari, alikuwa ameshapika. Na kwenye kiti cha pembeni alikaa mzee mmoja wa Kinyakyusa, koti limefungwa vifungo vyote.

Masunga alimtambulisha huku akitazama chini. Alisema huyu ni mzee Jailos, anakaa mtaa wa pili, na zamani alifanya kazi Iringa, kwenye klabu ileile ya Mzee Kalinga. Masunga alikuwa amemtafuta mwenyewe, akizunguka kuuliza wazee, kwa sababu aliona si haki Mwalimu aje bila mtu.

Mtu amekuja tayari kugombana, halafu adui anamletea shahidi! Alimshika mzee mikono yote miwili, akamwamkia.

Mzee Jailos alisema kwanza wacheze, ayatazame mambo. Basi wakakaa, Severina akapangwa na Masunga, na katika mgao wa pili walinadi kopa wakashinda mnada. Masunga ndiye aliyepaswa kucheza. Severina akalaza karata zake, akazipanga vizuri, na bila kufikiri, kama alivyofanya tangu utotoni, akainuka akaingia jikoni.

Damari alikuwa anaosha vikombe. Alimwona mgeni wake wa heshima, mwalimu mzima, ametoka Iringa na gauni la Pasaka, anafunua masufuria kutafuta majani ya chai. Alidhani amechelewa kumhudumia na mgeni amechoka kungoja, aibu ikamshika. Severina naye akawa anamtuliza, hapana dada, ni mchezo tu, ndiyo sheria yake. Wakawa wanavutana birika, kila mmoja akiomba radhi, mpaka kicheko cha mzee Jailos kikawafikia kutoka ukumbini. Kilikuwa kicheko kirefu, cha mtu aliyeona kitu alichodhani kimezikwa. Alikuwa akisema, "Huyu mtoto wa Kalinga kabisa. Huyu hata msiniulize."

Severina akarudi mbio na birika mkononi, moyo umejaa. Akamwomba awaambie wote kwamba ilikuwa sheria.

Mzee akafuta macho. Akasema ndiyo, ilikuwa sheria, walicheza hivyo miaka yote. Masunga akainamisha kichwa, akaanza kutafuta kalamu yake nyekundu ajikate. Lakini mzee akainua mkono, hajamaliza. Alieleza kwamba Wazungu kule ukumbini hawakuwa nayo. Wao aliyelaza alikaa tu akavuta mtemba wake. Sheria hiyo ilikuwa ya wao wahudumu, waliokuwa wanne, wakicheza kwa kujificha katika chumba cha vyombo nyuma ya baa.

"Kengele ilikuwa ukutani, mwanangu," alisema. "Wakitaka kitu, wanapiga. Sasa aende nani? Sisi watatu wengine tuna zamu ya kutupa karata. Aliyelaza ndiye mwenye nafasi, basi anaenda yeye, mchezo haukatiki. Baba yako ndiye aliyesema tuiite sheria ya briji. Alisema, tukiiita sheria, mtu atainuka kwa sababu ya mchezo. Hatainuka kwa sababu ameitwa."

Severina alikaa na birika lake magotini. Akilini aliwaona vijana wanne katika chumba kidogo, karata zimefichwa chini ya vitambaa vya kufutia glasi, na baba yake kati yao akiwatungia wenzake heshima kutokana na kengele. Machozi yalimtoka, na wakati uleule alicheka, maana hila ile ilikuwa ya baba yake kabisa, na ilikuwa imemdanganya hata yeye, binti yake, mpaka akaenda kuvamia jiko la watu siku ya Pasaka.

Masunga alisema taratibu kwamba shahidi amepatikana, kwa hiyo sentensi ibaki, na yeye atajikata mwenyewe. Severina akamwomba kalamu. Akafungua faili, akaufikia ukurasa ule, na mwenyewe, kwa wino mwekundu, akakata maneno ya baba yake kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akaandika chini yake, polepole, kwa mwandiko wa ubaoni: jinsi wahudumu wanne walivyocheza briji katika chumba cha vyombo, nani alitunga sheria ya chai na kwa nini, jina lake kamili Silvester Kalinga, na mashahidi wake. Mwisho akaongeza sheria yenyewe, upya:

"Aliyelaza karata na akae. Hakuna anayemwita."

Masunga alisoma akiwa amesimama nyuma yake. Alisoma tena. Halafu, kwa kuwa alikuwa Masunga na asingeweza kujizuia, akasema kwa upole kwamba sentensi ya kwanza iko kitabuni, lakini ya pili haimo.

"Kitabu chako hakikuwamo katika chumba kile, Bwana Masunga," alisema Mwalimu Severina. "Baba yangu alikuwamo."

Masunga akaitikia kwa kichwa. Akachukua kalamu, akaandika pembeni, "Ni kweli. Masunga."