Mkate wa Mama Miiba

Mtaani walimwita Mama Miiba, na aliyeanzisha jina hilo ni mumewe mwenyewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. "Wenzako wanang'oa magugu, wewe unayapanda!" alimwambia siku alipolijaza shamba lao kame mimea ya miiba yenye maua ya zambarau.

Mama Miiba hakujali. Mahindi yalikuwa yamemkaukia miaka mitatu mfululizo. Miiba hii haikudai maji. Ilirefuka kumpita mtu, ikakauka kiangazi, na mvua ya kwanza tu mizizi ikachipua upya. Alitaka iwe kuni za tanuri la mikate, maana miti ya vilimani ilikuwa inakwisha.

Mwokaji mikate wa mtaani akakubali kujaribu. Mama Miiba akakata mzigo wa kwanza alfajiri, umande ukiwa umelainisha miiba, kwa kuihurumia mikono yake. Lo! Tanuri likafuka moshi mpaka wateja wakatoka mbio wakikohoa, na mikate ikatoka mibichi katikati.

"Mama, nakupa nafasi moja tu," mwokaji alisema huku akifuta machozi. "Ikishindikana, narudia magogo."

"Na shamba tunaling'oa lote," mumewe akadakia.

Mama Miiba alilijua kosa lake. Miiba hiyo hukatwa jua la utosi, ikiwa imekauka kau, saa ambayo inachoma kuliko sindano. Mezani akaitandaza mikono yake, iliyochanika hata kwa miiba iliyolainika. Mumewe akaipima kwa macho kama apimavyo kitambaa.

Kesho yake cherehani ililia asubuhi nzima na kuvunja sindano mbili. Fundi akatoka na glavu za turubai kuukuu, ndefu hadi viwikoni, jozi mbili.

"Mbili za nini?"

"Kwani mimi sina mikono?"

Wakakata mchana kutwa, fundi akipiga kelele kila alipochomwa mgongoni. Mwokaji alipowasha tanuri, moto ulinguruma bila moshi, na mikate ikatoka ya kahawia, imeumuka vizuri. Mama Miiba alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakuona haya.

"Hizi kuni za nani?" mteja mmoja akauliza.

Fundi akajipenyeza mbele, glavu bado mikononi. "Za mke wangu! Na mimi ndiye Baba Miiba, kwa hiyo mnipishe, nataka mkate wa kwanza."

Akapewa. Akaumega, nusu kubwa akampa mkewe.