Uvungu wa Gari la Baba

Mume wa dada yangu hupaka rangi kila kisichoweza kukimbia. Mawe ya bustani yake hapa Raskazone, kando ya bahari, ni meupe, na mnazi wake umevishwa chokaa hadi kiunoni. Basi aliponikuta nimelala chini ya gari la marehemu baba na mswaki mkuukuu na kopo la mafuta ya taa, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Shemeji, hebu toka huko uvunguni! Piga nyeusi inayong'aa, yaishe. Nani atalala chini aangalie?"

"Baba alilala," nikamjibu.

Mama hupenda kusimulia kwamba siku gari lilipoletwa jipya, baba alijitupa chini na kanzu yake ya Ijumaa akalichungulia tumboni, kabla hata hajashika usukani. Akatoka anacheka peke yake, asiseme kaona nini. Kisha, kama wafanyavyo watu wa huku kwa kuogopa chumvi ya bahari, akalipulizia oili chafu, na akaendelea hivyo kila mwaka mpaka uvungu ukafanya ganda jeusi la mafuta na vumbi. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kukiona alichokiona baba, kisha niurudishe uvungu wote uwe vile. Lakini kila nilipobandua ganda nilikuta kutu au kiraka cha fundi. Tumaini langu lilibaki nyuma, juu ya tangi la mafuta, ambako hakuna fundi aliyewahi kujisumbua kufika.

Yote haya nilimweleza shemeji. Nilimwambia kiwandani hawakupaka kitu cha kumeta kule chini. Walipaka rangi ya msingi, basi, na nati wakaziacha chuma kitupu. Alitikisa kichwa kama anayemsikiliza mgonjwa wa homa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na nadhani walikuwa wamekwisha kumwona yeye.

Nikaitwa msibani huko Amani, milimani. Niliporudi, harufu ya lami ilinipokea getini.

Shemeji alikuwa kivulini, suruali ina matone meusi, uso umejaa furaha ya mtu aliyemsaidia asiyejiweza. "Nimekumalizia. Njoo ujionee!" Na majirani alikuwa amewaita. Wakainama, wakaona weusi unaometa, wakampa hongera zake. Nati kazipaka. Hata bomba la moshi kalipaka, mtu mzima, kana kwamba hajui litanuka vipi siku injini ikiwashwa. Nilimdharau, nikawadharau na majirani zake.

Walipotawanyika nikachukua tochi nikaingia uvunguni. Rangi ilikuwa nzito huku mbele, katikati ikawa nyepesi, na ilipofika penye tangi ikakoma. Mstari wa mwisho wa brashi ulieleza kila kitu: mkono ulinyooka, kitambi kikagoma, bwana akajiambia hakuna atakayeona, akarudi nyuma.

Tangi lilikuwa tupu. Nikalegeza mikanda yake, likashuka kiasi cha kupitisha mkono. Nikapaka mafuta ya taa, nikasubiri, nikafuta. Ganda la oili likatoka laini kama ukoko uliolowekwa. Chini yake palikuwa na wekundu wa tofali, mkavu, usiometa hata kidogo, na pembeni ukungu wa rangi ya maziwa, ile ya bodi, uliopulizwa na mtu mwenye haraka zake. Mpaka rangi mmoja wa kiwandani alizidisha, rangi ikachuruzika ikaganda tone nene, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nikacheka peke yangu kule chini, kama baba siku ile.

Nilipotoka, shemeji alikuwa bado anaizunguka kazi yake. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, kwa ajili ya pale brashi yake ilipokoma.

"Ahsante sana, shemeji. Kwa dhati."

"Si nilikwambia?" akasema, akiinama kuutazama weusi wake.