Mikono ya Kushoto

Nilikuwa nimefundisha Kiingereza miaka kumi na minne niliposhikwa na wazimu wa kutafuta cheti cha ualimu cha ng'ambo. Si kwamba sikuwa na cheti. Ninacho cha hapa nyumbani, kiko ndani ya fremu, kinaning'inia sebuleni kwetu Nakwa, nje kidogo ya mji wa Babati, juu ya televisheni, na mume wangu hukitumia kuchomekea kadi za harusi za watu. Shida ilikuwa nyingine. Kila mkaguzi aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu aliandika kwamba mimi ni mwalimu hodari, na mimi nilijua jinsi wakaguzi wanavyoandaliwa. Nilitaka mtu asiyenijua kabisa, asiyekula wali wetu wa wageni, aniambie kama kweli najua kufundisha.

Chuo kilikuwa Uingereza, mimi nilikuwa Babati. Siku hizi mtu anasoma ng'ambo bila kupanda hata basi la Arusha. Nilihitaji simu, kifurushi, na kiti cha plastiki karibu na dirisha la jikoni ambako mtandao una heshima kidogo. Msimamizi wangu alikuwa mama mtu mzima mwenye paka aliyependa kukaa mbele ya kamera. Aliniomba nimwite kwa jina lake la kwanza, mtu wa umri wa mama yangu mzazi. Nilijaribu mara moja, ulimi ukagoma. Nikaendelea kumwita Madamu, naye akaendelea kukunja uso, tukazoeana hivyo hivyo. Mume wangu alikuwa akipita nyuma yangu na jembe begani, mara tatu kwa kila kipindi, ili Uingereza ijue kwamba na yeye yupo.

Mtihani mkubwa ulikuwa kujirekodi nikifundisha darasa langu, dakika arobaini, bila kukata. Ukifeli unarudia mara moja tu. Ukifeli tena, kwaheri, cheti hakuna.

Hapa sina budi kutoa siri ya ufundi. Wiki ya kwanza ya mwaka, kabla hata ya kugawa madaftari, huwa naliwekea darasa sheria moja: nikiuliza swali, wote mnanyoosha mkono. Anayejua ananyoosha wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mgeni akija anaona mikono sabini hewani, mimi nachagua wa kulia tu, majibu yanatoka safi, na mgeni anaandika kwamba darasa limechangamka. Sikuibuni mimi. Mwalimu wangu wa kidato cha pili alitufanyia, na naamini walimu wengi mnaosoma hapa mmeshaanza kutabasamu kwa aibu. Kwangu ilinoga hadi nikawa naitumia hata siku ambazo hakuna mgeni. Kipindi kinakwenda haraka, hakuna mtoto anayeumbuka. Nilijiambia kwamba ni huruma.

Basi tukarekodi. Mwalimu wa Jiografia, rafiki yangu wa ofisini, aliegemeza simu juu ya kabati na kuilinda kama mlinzi wa benki. Somo lilikuwa kumwelekeza mgeni njia kutoka stendi hadi ziwani. Mikono ilipanda, majibu yakashuka, dakika arobaini zikaisha bila mtu kukohoa.

"Mwalimu," akasema wa Jiografia, "hapo umewamaliza."

Majibu yalifika baada ya wiki mbili, wakati wa chai. Ofisi nzima ilitaka nisome kwa sauti, na mimi kwa kiburi changu nikasoma, nikitafsiri nikiendelea. Maandalizi, vizuri. Matamshi, vizuri sana. Kisha Madamu akaandika, kwa upole ule wa Waingereza ambao ni mbaya kuliko matusi, kwamba ameona darasa langu lina wanafunzi wengi ajabu wanaotumia mkono wa kushoto, karibu nusu, na katika kipindi kizima sikumchagua hata mmoja wao. Anaelewa kwamba katika jamii nyingine mkono huo una maana mbaya. Lakini mwalimu hawezi kumnyima mtoto nafasi kwa ajili ya mkono aliozaliwa nao. Kwa hiyo nimefeli.

Mwalimu wa Jiografia aliweka andazi chini ili acheke vizuri. Mkuu wa shule, mtu asiyecheka tangu nimfahamu, alitoka nje na tukamsikia huko. Kufikia mchana nilikuwa na jina jipya: Adui wa Mashoto.

Nilifikiria kumweleza Madamu ukweli. Lakini ukweli ulikuwa kwamba mimi ni tapeli, na yeye alinidhania mbaguzi tu, na mbaguzi angalau hupewa nafasi ya kujirekebisha. Nikaandika barua ya kuomba radhi, nikaahidi kubadilika. Mume wangu aliisoma, akasema ni barua nzuri sana ya mtu mwongo.

Siku moja kabla ya kurudia nilisimama mbele ya darasa na kutangaza sheria mpya. "Kesho tunageuza. Anayejua, kushoto. Asiyejua, kulia. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu," wakajibu wote. Wangejibu hivyo hata kama ningewaambia wanyooshe miguu.

Kesho yake kidogo walichanganyikiwa, lakini mambo yakaenda. Katikati ya somo nikauliza ni kitu gani cha kumtahadharisha mgeni anayekwenda ziwani. Nikachagua mkono wa kushoto wa nyuma kabisa, wa msichana aliyehamia kwetu mwezi wa tatu akitokea upande wa Dareda. Sikumbuki kama niliwahi kusikia sauti yake. Akasimama, akaeleza kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha mwalimu wa taaluma kwamba jioni mgeni asisogelee majani marefu, kwa sababu viboko hutoka majini kula, na wakikuta mtu kati yao na ziwa hawaombi njia. Darasa likacheka. Kwa mara ya kwanza katika dakika zile arobaini, lilicheka bila kuandaliwa.

Kengele ya chakula ilipogongwa nikamwita. Nilikuwa na furaha hata nikamtania. "Kumbe unajua hivi, na mwaka mzima umejificha? Kila siku unaninyooshea wa kushoto."

"Mimi ni mashoto, Mwalimu."

Sikuelewa. Akainua kalamu yake, mkono wa kushoto, wino umepakaa ukingoni mwa kiganja.

"Ile sheria mimi sikuijua," akasema, akitazama sakafu. "Nilikuwa sijahamia. Jana ulipogeuza ndiyo nikaelewa. Mimi nilifikiri labda nimekukosea."

Tangu mwezi wa tatu. Kila siku alikuwa anajua, ananyoosha mkono, na mimi namruka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mkaguzi yeyote. Nikamwambia ni mimi niliyemkosea. "Sawa, Mwalimu," akasema, kisha akaomba ruhusa aende, maana foleni ya makande ilikuwa ndefu.

Rekodi ile ilikuwa nzuri mno. Niliitazama mara mbili pale kwenye kiti cha plastiki, nikaifuta. Mume wangu akauliza kama nina homa.

Siku ya mwisho ya kutuma nikaliambia darasa kwamba sheria zote mbili zimekufa. Anayejua anyooshe mkono wowote, asiyejua autulize. Kipindi hicho kilikuwa balaa. Niliuliza, kimya. Niliuliza tena, nikasikia mbuzi wa jirani. Mwalimu wa Jiografia alinionyesha kwa ishara kwamba betri bado ipo, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa likinitesa. Ilibidi nifundishe kweli, nirudi nyuma, niulize kwa njia nyingine, nisubiri. Nikatuma hivyo hivyo.

Nilifaulu kwa daraja la chini kabisa la kufaulu. Madamu aliandika kwamba darasa limekuwa kimya kuliko awali na hajui limepatwa na nini, lakini sasa ameona mwalimu anayesubiri. Sijamwambia ukweli hadi leo. Huko aliko anaamini Babati ni mji wa mashoto.

Cheti nimekichapisha, kiko sebuleni kando ya kile cha zamani, na tayari kimechomekwa kadi ya harusi. Siku hizi nikiuliza swali hunyooka mikono minne, mitano ikiwa ni siku njema. Mmoja ni wa kushoto, na huo ndio ninaoanza nao.