Mdhamini Yupi Huyo?

Wiki iliyopita nilikuwa Vwawa, kwenye mkutano wa sisi tulionunua hatifungani za kampuni moja ya kukoboa kahawa. Kwa lugha nyepesi, tuliikopesha kampuni. Sasa ilitaka turekebishe mkataba, na mwanasheria wake, kijana mtanashati, akatusomea kifungu kipya: “Kampuni ikishindwa kulipa, mdhamini atamdai mdhamini ndani ya siku thelathini.”

Tukaitikia kwa vichwa, mimi wa kwanza. Kalamu zilikuwa tayari mikononi.

Mama mmoja mkulima kutoka Mbozi Mission akanyoosha kidole. “Samahani, mwanangu. Huyo mdhamini anajidai mwenyewe?”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwanasheria akasoma tena kimoyomoyo, akakuna kichwa. “Hapana, mama. Wa kwanza ni yule anayetetea haki zenu. Wa pili ni benki itakayowalipa kampuni ikikwama.”

“Basi wa kwanza mwite msimamizi. La sivyo, siku ya shida watatupiana mpira, na sisi tutabaki tunatazamana.”

Kijana akafuta, akaandika upya, akasoma kwa sauti. Tukapiga makofi, tukasaini. Mkurugenzi mwenyewe alikuja kumpa mama mkono, akicheka. “Mama, sheria ulisomea wapi?”

“Nilifundisha darasa la tatu, baba. Kule sentensi isipoeleweka, tunamrudishia aliyeiandika.”

Mimi ninayekula kwa kuandika sentensi nilimsalimia kwa heshima, nikaondoka kabla hajaniuliza kazi yangu.