Kopo la Poda

Mpaka leo nikilikumbuka lile kopo la poda, damu inanichemka.

Lilikaa mbele ya kioo katika studio moja ya picha mtaani Kamalondo, nilikojifunza kazi. Kila mteja alianzia hapo: anajipaka poda mpaka uso unakuwa wa kijivu, ndipo anaketi mbele ya kamera. Fundi wangu aliamini kuwa bila poda, flashi haimtoi mtu mweusi. "Bantu beusi habashikake mwangaza," aliniambia siku ya kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa mweusi kuliko mimi. Nami nikayaandika maneno hayo katika daftari.

Alinichukua kwa sababu mimi ni mwanamke. Familia za Kiislamu zenye asili ya Maniema hazikutaka mwanaume aingie na kamera upande wa wanawake siku ya harusi. Nikatumwa mimi, na flashi yenye kijicho mbele. Kijicho hicho hupima mwanga unaorudi, kikiona umetosha kinaizima flashi. "Weka otomatiki, usiguse kitu," fundi alisema, nami sikugusa.

Katika harusi ya kwanza niliyotumwa, bibi harusi alivaa gauni jeupe na ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mpya. Mama yake alisimama karibu naye, kitambaa cheupe kichwani. Kwa haraka ya siku ile hakuna aliyekumbuka poda. Picha zilipotoka, gauni lilionekana mpaka uzi wa mwisho. Nyuso hazikuwapo. Palikuwa na meno na hereni tu.

Yule mama alikuja studio akaziangalia moja moja. "Mwana yangu iko wapi?" akauliza. Fundi alikuwa ametoka. Nami, bila haya, nikamjibu: "Mama, iko ngozi yenu. Haishikake mwangaza."

Aliutazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena, kisha akachukua bahasha yake akaenda.

Juma hilohilo nilikuwa nafuta vumbi kwenye picha ya rais, ile iliyotundikwa katika kila duka na kila ofisi ya nchi. Uso wake ulionekana wote, hata mikunjo ya paji. Nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi. Huyu je, si mweusi? Au ngozi ikiingia katika chama chake ndipo inashika mwanga? Nilimkasirikia fundi, nikajikasirikia mimi zaidi, maana mdomo uliomwambia mama yule ulikuwa wangu.

Nikaanza kuiba picha mbili za mwisho za kila filimu. Nilimkalisha dada yangu mbele ya shuka jeupe. Kwa otomatiki, uso wake ukapotea. Nikaizima otomatiki, nikafungua lenzi zaidi, nikaelekeza flashi kwenye dari ili mwanga umshukie taratibu. Dada yangu akatoka mzima, na kovu lake la utotoni juu ya jicho. Kumbe kijicho kilikuwa kinaona shuka na gauni na chokaa, kinadhani kazi imekwisha. Waliokitengeneza hawakutufikiria, na sisi tukaichukia ngozi yetu kwa kosa lao.

Nilimwonyesha fundi picha ya dada. Aliitazama sana. "Bantu banazoea poda," akasema, akalisogeza kopo karibu na kioo.

Niliendelea na mazoezi karibu mwaka mzima mpaka mkono ukazoea. Ndipo nikatuma salamu kwa yule mama, aliyekaa mtaa wa Ruashi, kwamba nakuja kuwapiga picha upya, yeye na binti yake. Njiani nilikuwa natunga maneno ya kumwomba radhi.

Niliwakuta sebuleni, wamejiandaa kunisubiri. Wote wawili walikuwa wamejipaka poda mpaka masikioni. Binti alikuwa na mtoto mchanga mapajani, naye amepakwa, macho tu yanaonekana.

"Nilimupaka na yeye," mama akaniambia kwa upole, "juu asipotee mu foto."

Nikaomba beseni la maji.