Zakaria Aliyebaki Kilindini

Harufu ya lami ya moto ilifika Ramadhani, mtaani kwetu Njombe, kabla ya barabara yenyewe. Mafundi walikuwa wakiijenga kutoka Makambako, na kipupwe kile ukungu ulilala juu ya mapaa hadi jua lipande, hivyo moshi wa mapipa yao ulitambaa chini chini mpaka jikoni kwetu. Sisi watoto tuliipenda. Watu wazima walisema sasa Njombe itafunguka. Babu yangu peke yake aliacha kula.

Nilikuwa darasa la tatu, nikilelewa na babu na bibi. Babu alikuwa mkulima wa viazi, mtu mpole, mwenye sauti nene kwenye kwaya ya kanisa. Kipupwe kile alihamishia mkeka wake barazani, kwenye baridi ya kukata masikio, na mtu akifunga mlango alifoka kwa sauti ambayo sikuijua. Alasiri moja Bibi aliweka chini kisu cha kumenyea viazi.

"Baba Tumaini, unaumwa nini? Nimwite mchungaji?"

"Ni Zakaria," Babu akajibu.

Zakaria alikuwa kaka yake Bibi. Wakati wa vita kuu ya pili, yeye na Babu walichukuliwa wakiwa vijana wakapelekwa Kilindini, Mombasa, bandari ambayo Waingereza walikuwa wameigeuza kituo cha manowari. Nyumbani tulijua kwamba Zakaria alikufa huko kwa homa. Babu ndiye aliyeileta habari hiyo, na baadaye akamwoa dada wa marehemu.

"Hakufa kwa homa," alisema, akitazama mikono yake. Alieleza meli za kijivu zilizojaa mpaka maji hayaonekani, matangi ya mafuta mlimani, na vijana wa bara waliopakua mabomu bila kujua yanakwenda kumwangukia nani. Siku moja moto ulizuka ndani ya tumbo la meli, kwenye mapipa ya mafuta. Zakaria na wenzake walikuwa chini. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na baruti. Babu na wengine waliokuwa juu wakaamriwa wafunge mfuniko ili moto ukose hewa, bandari yote isilipuke.

"Tukaufunga," Babu alisema. "Walikuwa wanagonga. Harufu ilikuwa hii hii."

Nilikuwa nimeshika ukuni mkononi, sikuthubutu hata kuuweka motoni.

"Ndiyo maana ukanioa?" Bibi aliuliza.

"Nilikuja kwenu kusema. Ukanifungulia ukanikaribisha maji, nikashindwa."

Bibi hakulia. Aliivisha viazi, akampakulia, akasema, "Kula. Kesho tunakwenda Lupembe. Watu wangu wamwomboleze kwa kifo chake mwenyewe."

Tulipanda lori lililokuwa likifuata majani ya chai. Kaka mkubwa wa Bibi alitupokea uani. Babu akainama, akasema, "Kamwene," salamu yetu ya Kibena. Shemeji yake hakuitikia. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaingia ndani na kujifungia. Wanawake ndio waliolia, kilio kipya kabisa, kama maiti imeletwa asubuhi ile. Babu alikaa peke yake kwenye gogo hadi Bibi alipotoka, akaketi karibu naye bila kumgusa. Waliishi pamoja hadi walipofariki, lakini sikuwahi kuwasikia tena wakicheka pamoja. Shemeji hakuja kumzika Babu.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Mombasa. Nilikwenda hadi langoni Kilindini. Makontena yalikuwa yamepangwa juu kuliko nyumba yoyote ya utoto wangu, na kwenye mbao zote za matangazo sikuona jina la mtu yeyote aliyefia pale. Nilimuuliza mlinzi, kijana mwenye adabu, meli za vita zilikuwa zikitia nanga upande gani.

"Vita gani, mama?"

"Iliyomchukua kaka yake bibi yangu," nikamjibu.

Alinipa pole, kwa moyo kabisa. Kisha akaniomba nisogee kidogo, kuna lori linataka kupita.