Saa Sita za Kireno

Juzi, hotelini Diani ninakofanya kazi, mgeni mmoja Mreno aliniomba nimgongee mlango asubuhi, "às seis". Papo hapo nikasikia harufu ya mwani.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, nyumbani Kibuyuni, mama alikuwa akigeuza mwani juani. Baba alikuwa amepata kibarua Msumbiji, akajifunza Kireno kwa kufuatisha sauti ya simu: "Acordo às seis."

"Ndiyo nini, baba?"

"Ninaamka, mwanangu. Seis ni sita."

Nikaruka kwa furaha. Kwetu baba alikuwa akitoka kabla ya adhana ya alfajiri. Kumbe huko angelala mpaka adhuhuri!

"Mama, baba atapumzika!"

Mama hakuinua uso. Baba alipoondoka, mimi peke yangu sikulia.

Sasa najua wasemao Kireno huanza kuhesabu saa katikati ya usiku. Sita yao ni jua linapochomoza. Baba alikwenda kuamka mapema vilevile, ila kwa watu asiowajua. Hakurudi, wala habari zake hatukuzipata.

Mgeni yule nilimgongea jua likichomoza, akaitika. Baba sijui nikamgongee wapi.